Mzee, Sasa Utafanya Mradi Gani?

Mbeya na Iringa ni mikoa ya miradi. Mwalimu wa sekondari ana ekari mbili za viazi Isyonje. Muuguzi ana parachichi Rungwe. Karani wa halmashauri ana paina Mufundi, ofisa wa benki ana vyumba vya kupangisha Uyole, na dereva wa serikali ana bodaboda tatu zinazoleta hesabu kila jioni, zikileta. Ardhi inaitika, mvua ya Rungwe haina msimu wa kupumzika, na barabara kuu ya Zambia inapita mlangoni ikichukua chochote kilichovunwa. Kwa hiyo anayekaribia kustaafu hukutana na swali moja msibani, harusini na kwenye foleni ya benki: "Mzee, sasa utafanya mradi gani?"

Kwa mwenye afya, swali hilo ni la kawaida. Lakini wapo wanaofikishwa kwenye kustaafu na ugonjwa, kabla ya umri wao. Mtu analala Jumapili akiwa mkuu wa idara, Jumatatu anaamka mdomo umepinda na mkono wa kulia hausikii. Mwingine anabanwa kifua akipanda ngazi za ofisi. Miezi mitatu baadaye anatembea, anaongea kwa kujivuta, na watu wanadhani amepona. Hapo ndipo swali la mradi linapomrudia, na hapo ndipo linapoweza kumuua.

Sitanii. Utafiti uliofanyika wilayani Hai na jijini Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006, ukachapishwa katika jarida la Lancet Neurology mwaka 2010, ulikuta kwamba Dar es Salaam, tofauti za umri zikishasawazishwa, ilikuwa na visa vipya vya kiharusi karibu 316 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Nchi nyingi tajiri hazifiki huko. Mzizi mkubwa ni presha isiyotibiwa, au iliyotibiwa kwa wiki mbili halafu dawa zikaachwa kwa sababu kichwa kimeacha kuuma. Aliyepata kiharusi kimoja yuko karibu zaidi na cha pili kuliko jirani yake ambaye hajawahi kupata. Mtu huyo ukimpa ekari kumi za kusimamia, vibarua wa kugombana nao na mkopo wa pembejeo, umemrudisha palepale ulipomtoa, tena bila mshahara.

Tunao mfano wa kupunguza mzigo wa kazi baada ya kuugua, ambao taifa zima liliuona. Mwishoni mwa mwaka 2011 viongozi wawili kutoka Rungwe na Kyela walikuwa India kwa matibabu, katika hospitali ya Apollo jijini Hyderabad. Mmoja ni Profesa Mark Mwandosya, wakati huo Waziri wa Maji na mbunge wa Rungwe Mashariki. Wa pili ni Dk. Harrison Mwakyembe, Naibu Waziri wa Ujenzi na mbunge wa Kyela. Nchi iliwaombea na, kama kawaida yetu, ikabashiri. Mei 2012 Rais Jakaya Kikwete alipolipanga upya Baraza la Mawaziri, Dk. Mwakyembe alikabidhiwa Wizara ya Uchukuzi, yenye bandari, reli na ndege, na kila moja ina matatizo yake. Profesa Mwandosya alibaki barazani akiwa Waziri wa Nchi, Ofisi ya Rais, asiye na wizara maalumu.

Wapo walioichukulia nafasi hiyo kama kiti cha kuegeshea mtu. Mimi naiona kuwa ndiyo nafasi ambayo wagonjwa wengi wanaitamani na hawaipati: bado unahesabika, bado unashauri, lakini hakuna bomba lililopasuka usiku ambalo ni lako. Mwaka 2015 Profesa hakugombea tena ubunge. Mwaka huohuo aliomba CCM imteue kugombea urais, na jina lake halikupita. Baadaye akaongoza bodi ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji. Anayetafuta humo picha ya mzee aliyeketi barazani akitazama Mlima Rungwe hataipata. Atakachokipata ni mtu aliyepunguza, akajaribu, akapunguza tena. Na wapo ambao hata nafasi ya kuchagua hawakuipata. Dk. William Mgimwa, mbunge wa Kalenga mkoani Iringa, alifariki Pretoria tarehe 1 Januari 2014 akiwa bado Waziri wa Fedha.

Mtumishi wa kawaida hana rais wa kumpa uwaziri usio na wizara. Ana kanuni. Katika utumishi wa umma, kustaafu kwa lazima ni miaka 60 na kwa hiari ni kuanzia 55. Aliye chini ya 55 na ambaye ugonjwa umemzuia kazi hupitia bodi ya madaktari, inayompima na kuandika kama anaweza kuendelea. Kwa aliye sekta binafsi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, yaani 63 kwa mshahara kamili na 63 kwa nusu mshahara. Zikiisha, mazungumzo ya kweli huanza.

Bodi ya madaktari inaogopwa kama mahakama. Watu huendelea kwenda kazini mkono uliolegea ukiwa mfukoni, wakisaini nyaraka kwa mkono wa kushoto walioufundisha wenyewe usiku, ili mkuu asione. Wanaogopa kupungukiwa kipato, na hofu hiyo ina msingi. Wanaogopa pia maneno, kwa sababu kwetu kiharusi hakijaachana na uchawi. Mtu akipooza akiwa na cheo, lazima atatajwa aliyemtaka cheo hicho. Akiomba kustaafu, watasema ameshindwa vita. Hivyo anang'ang'ania kiti ili kuwathibitishia watu ambao hawatamlipia hata panadoli.

Kinaya katika haya ni kwamba pensheni yenyewe ilizaliwa ikimfikiria mgonjwa. Sheria ya Ujerumani ya mwaka 1889, iliyopitishwa chini ya Bismarck na kuigwa na nchi nyingi baadaye, ilikuwa ya bima ya ulemavu na uzee kwa pamoja. Umri wa pensheni ya uzee ulikuwa miaka 70, na wafanyakazi wachache tu wa zama zile waliufikia. Waliovunjika mwili kabla ya hapo ndio waliokuwa wengi. Anayestaafu kwa ugonjwa akiwa na miaka 52 hajauibia mfumo chochote.

Upande wa fedha, vita ya kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya kustaafu, kila mtumishi anaijua. Tangu Julai 2022 mkupuo, yaani fedha anayolipwa mstaafu kwa mara moja, uliwekwa asilimia 33 na kilichobaki kulipwa kila mwezi. Bajeti ya 2024/25 ikaupandisha hadi asilimia 40 kwa watumishi wengi wa umma. Walimu walilalamika sana, na walikuwa na hoja, kwani aliyepanga kumalizia nyumba kwa mkupuo anajua bati haziuzwi kwa awamu. Lakini kwa mstaafu mgonjwa nitasema neno ambalo halitanipatia marafiki: ile asilimia inayokuja kila mwezi ndiyo rafiki yake. Karibu mtu mmoja kati ya watatu waliopata kiharusi huingiwa na sonona, na wengine hupoteza uwezo wa kupima mambo au kuvumilia mabishano. Mkupuo unamkuta mtu katika hali hiyo, ndugu wamejaa sebuleni, kila mmoja ana wazo la biashara na gari la kukodi limeshawashwa kwenda kuangalia kiwanja. Pesa ya kila mwezi haina kishindo. Inanunua dawa za presha, na hakuna shemeji anayeitungia mradi.

Mkulima wa Umalila au Kilolo hana hata hilo la kubishania. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumlipa kila mzee wa miaka 70 na kuendelea pensheni ya Sh20,000 kwa mwezi, na ikaongeza baadaye. Bara hakuna malipo ya jumla ya namna hiyo. Kwa mkulima, mwili ndio unaostaafu, na kinachofuata hutegemea amezaa nani.

Turudi kwenye mradi. Kwa nini nauonea? Kwa sababu mradi hauwezi kuachwa katikati. Viazi vikishapandwa Isyonje, ukungu ukiingia lazima dawa ipigwe wiki hiyo, iwe presha yako imepanda au haijapanda. Parachichi ya Hass inadai miaka mitatu hadi minne kabla ya kukupa mzigo wa maana, na miaka yote hiyo inakula mbolea na palizi. Paina ni ya zaidi ya muongo mmoja, na moto wa Oktoba hausubiri. Mtu wa miaka 58 aliyetoka wodini akipanda paina, ajue anawapandia wajukuu, na awaambie wazi ili wao ndio waende kuchonga njia za moto.

Anachohitaji mstaafu mgonjwa ni shughuli anayoweza kuinuka na kuiacha saa nne asubuhi, akalala, akairudia kesho au keshokutwa, na hakuna aliyeathirika. Wengine wanaiita hobi. Wazee wetu walikuwa nazo nyingi bila kuzipa jina: kuchonga mipini, kufuga njiwa, kucheza bao, kusuka, kupiga zeze. Sisi tuliosoma ndio tulioziacha, tukabaki na kazi na televisheni, na siku kazi inapoondoka tunabaki na televisheni.

Katika shughuli zote ambazo Nyanda za Juu Kusini zinampa mgonjwa wa kiharusi, hakuna inayonivutia kama kwaya. Kiharusi kikipiga upande wa kushoto wa ubongo mara nyingi hukata usemi. Mtu anaelewa kila kitu, anajua anachotaka kusema, na neno halitoki. Linatoka "eeh" au tusi. Halafu inatokea jambo linalowaacha ndugu vinywa wazi: mtu huyohuyo asiyeweza kuomba maji, pambio likianzishwa sebuleni, anaimba maneno yote hadi mwisho. Wimbo uliozoeleka hautegemei njia zilezile za ubongo zinazotumika kwa usemi wa kawaida, na upande wa kulia unashiriki kwa kiasi kikubwa. Mwaka 1973 wataalamu wa Boston, Martin Albert, Robert Sparks na Nancy Helm, walieleza tiba iliyojengwa juu ya jambo hilo: mgonjwa hufundishwa kutamka sentensi fupi za maisha kwa sauti ya kuimba, huku akigonga mdundo kwa mkono wa kushoto, kisha wimbo hupunguzwa taratibu hadi yabaki maneno.

Sasa tazama tulichonacho. Wamoraviani walifika Rungwe mwaka 1891, na karne na zaidi tangu hapo ni vigumu kukuta kijiji cha huko kisicho na kwaya. Walutheri wa Konde na Iringa wana kwaya zao na tarumbeta zao, na Wakatoliki wana za kwao. Mtu wa miaka 55 huku ana nyimbo mamia kichwani alizozishika kabla hajajua kusoma. Ni akiba ya tiba ambayo hospitali yoyote duniani ingeionea wivu. Na sisi tunafanyaje? Mwanakwaya akipata kiharusi, kwaya inakuja nyumbani mara moja, inamwimbia, inaacha bahasha na kuondoka. Hakuna anayefikiri kumrudisha kwenye mazoezi, aketi pembeni ya sauti ya nne, aimbe anachoweza. Mwalimu wa kwaya ataogopa kwamba sauti itaharibika. Iharibike. Kwaya ya Jumatano jioni haiendi mashindano kila wiki.

Dawa haziachwi kwa ajili ya wimbo, na mtaalamu wa usemi akipatikana atafutwe. Lakini wataalamu hao ni wachache mno nchini, na wengi wao wako mbali na Tukuyu. Kwaya iko jirani.

Kwa mikono yapo mengine. Vikapu vya Iringa vinavyosukwa kwa nyasi za milulu na kuuzwa hadi ng'ambo ni kazi ya vidole vyote kumi, ya kurudia tendo lilelile mara mia, na kurudia tendo lenye maana ndicho kiini cha mazoezi ya mkono uliopooza. Wanaume watasema ni kazi ya akina mama. Basi wabebeshe miche ya parachichi: unakaa kwenye kiti, unachanja, unapachika kikonyo, unafunga nailoni, unaweka kivulini. Miche ishirini kwa siku ya jua, sifuri kwa siku ya baridi. Ukiuza, sawa. Ukigawa, majirani watakuita Bwana Shamba.

Mjini Iringa kuna Neema Crafts, iliyoanzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Wanafuma, wanashona, wametengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo, na katika mgahawa wao wahudumu viziwi wanakuletea kahawa ukishaandika unachotaka. Anayedhani ulemavu wa ghafla umemmaliza aende pale akanywe kikombe kimoja, kisha atazame wafumaji. Anachokiona ni kazi yenye ubora, iliyopangwa kulingana na mwili wa anayeifanya. Maofisi yetu mengi hayajawahi kujaribu hilo.

Ufugaji wa nyuki unapendwa sana na wastaafu wa Mufundi, na una heshima yake. Hapa naweka tahadhari moja ambayo sijaisikia ikitolewa kwenye semina. Baadhi ya dawa za moyo na presha, zile za kundi la beta bloka kama atenololi na propranololi, zinaweza kudhoofisha nguvu ya adrenalini anayodungwa mtu aliyepata mzio mkali wa kuumwa na nyuki. Mwenye kutumia dawa hizo amuulize daktari kabla ya kununua mzinga. Ni swali la dakika moja.

Kutembea nako kunashauriwa kliniki zote, kwa sababu Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Tatizo ni namna tunavyotembea. Mstaafu wa Mbeya anaamka saa kumi na moja alfajiri mwezi Julai, kwa kuwa ndivyo alivyozoea akiwa kazini, anatoka na sweta moja katika baridi ya kukata masikio, anapanda kuelekea Mlima Loleza. Baridi hubana mishipa na kupandisha presha, na mlima unaumalizia moyo. Iringa ni vivyo hivyo, ukiongeza upepo. Atoke saa tatu au saa nne, jua likishawaka, aanze kwenye tambarare. Kipimo ni chepesi: awe anaweza kuongea akitembea. Akishindwa kumalizia sentensi, asimame. Gangilonga, lile jiwe kubwa la Iringa, lina watu wengi wa mazoezi jioni, nao hawatamcheka mzee akiishia chini.

Kwa wenye gari la watoto ipo Kitulo, hifadhi ya taifa tangu 2005, ambako maua ya mwituni, zikiwemo aina 45 za okidi, huchanua kipindi cha mvua, zaidi kati ya Desemba na Aprili. Unapita Chimala, unapanda kona zaidi ya hamsini hadi Matamba. Uwanda uko juu ya mita 2,600, hewa ni nyembamba, kwa hiyo mwenye moyo dhaifu asiende bila kauli ya daktari. Anayeruhusiwa, achukue daftari. Kutambua maua na kuyaandika jina ni shughuli inayoweza kumaliza miaka ishirini, na haina kibarua hata mmoja.

Hadi hapa nimeandika kana kwamba mgonjwa ni mwanamume. Ndivyo mazungumzo ya kustaafu yanavyokuwa huku, na hapo pana kasoro. Baba akipata kiharusi, mama anastaafu naye bila barua: anafunga genge, anaacha vikoba, anakuwa muuguzi wa kugeuza, kuogesha na kulisha. Mama akipata kiharusi, aghalabu anayeacha kazi ni binti. Na mama huyo akianza kutembea tu, jiko linamrudia. Ukisema sasa achague jambo la kujifurahisha, atakutazama kama mgeni. Wajukuu wawili wameletwa kutoka Dar es Salaam "wamchangamshe bibi", wa tatu yuko njiani.

Daktari ameandika apumzike. Nani atapika? Swali hilo lijibiwe kwenye kikao cha familia, kwa majina na kwa shilingi, kabla hajatoka wodini. Watoto walioko Dodoma na Dar es Salaam wamezoea kuchanga pesa za kuku wa mayai ili mama asikae bure. Mwaka huu wachange mshahara wa dada wa kazi hadi Desemba, wawarudishe wajukuu kwa wazazi wao, na waongeze nauli ya bajaji ya Jumatano na Jumamosi kwenda na kurudi mazoezi ya kwaya.